Barua ya wazi kwa wakubwa wa mpira wa Lubumbashi: dharau kwa wachezaji wanawake inapewa nafasi na sisi wenyewe

Kwa wakubwa wa FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, wa ligi ya mkoa wa Haut-Katanga na wa Entente, chama cha mpira cha mji. Kwa marais wa klabu na makomite ya mashabiki. Kwa wakurugenzi wa redio na televisheni za Lubumbashi.

Wapapa na wamama,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Tunaowaandikia ni waamuzi, makocha, wahudumu wa afya wa timu na mashabiki wa mpira wa wanawake. Neno letu ni moja: matusi wanayotupiwa wachezaji wanawake hayaanzii mdomoni mwa shabiki. Yanapata nafasi katika ratiba mnazopanga, katika ripoti zinazokuja kwenu bila maneno ndani, katika maikrofoni anayopewa mtangazaji asiyejua jina la mchezaji hata mmoja, na katika adhabu zinazomwangukia aliyetukanwa. Hayo yote yako mikononi mwenu.

Mji huu hauwezi kusema kwamba mpira wa wanawake ni mgeni. Tarehe 23 Novemba 2024, huko El Jadida, Maroko, wanawake wa TP Mazembe, klabu ya mji wetu, waliifunga AS FAR ya Maroko 1-0, ugenini kwa wapinzani wao, wakachukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Kocha wao, Lamia Boumehdi, akatangazwa na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kuwa kocha bora wa mwaka upande wa wanawake. Kombe hilo lilikuja nyumbani kwenye makombe ya wanaume ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tena mwaka 1998 timu ya taifa ya wanawake ilimaliza ya tatu Afrika, wakati wasichana wengi wanaocheza leo walikuwa hawajazaliwa. Lakini mkute mwanaume wa mitaa ya Kamalondo au Katuba anayeweza kukupangia kikosi cha Mazembe cha 2010 kilichocheza fainali ya dunia ya klabu na Inter ya Italia, mchezaji kwa mchezaji mpaka wa akiba, umwombe majina matatu ya mabingwa wa 2024. Wengi watanyamaza. Majina ya 2010 waliyashika kwa sababu yalitangazwa asubuhi na jioni. Haya mengine nani amewatajia?

Uingereza wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Stacey Pope wa Chuo Kikuu cha Durham walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha mashabiki wanaume 1,950. Waliona makundi matatu. Wapo wanaoheshimu mpira wa wanawake na kufurahi unapopata nafasi. Wapo wanaoudharau waziwazi, wanaosema mahali pa mwanamke si uwanjani. Na wapo wanaosema maneno mazuri ya usawa mbele za watu, kisha wakiwa wao kwa wao wanarudi kwenye dharau ileile. Tunaomba mlitazame sana kundi hili la tatu, kwa sababu halipigi kelele jukwaani. Linakaa kwenye meza ya maamuzi. Mtu wa kundi hili anawapongeza mabinti siku ya kombe, na wiki inayofuata anaweka mechi yao mchana wa siku ya kazi, kwenye uwanja usio na maji wala choo chenye mlango.

Jibu tunalopewa kila mara ni kwamba watu hawaendi kutazama wanawake. Tarehe 26 Desemba 1920, watu 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kutazama timu ya wanawake ya Dick, Kerr. Mwaka haukupita: tarehe 5 Desemba 1921 shirikisho la Uingereza lilikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, na katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Brazil iliwakataza wanawake kucheza kuanzia 1941 mpaka 1979. Watu walikuwepo, waliofunga milango ni viongozi. Na milango ilipofunguliwa walirudi: Aprili 2022 watu 91,648 walikuwa Camp Nou kwa mechi ya wanawake wa Barcelona na Wolfsburg. Kwa hiyo anayetumia jukwaa tupu kuwa ushahidi dhidi ya wanawake aseme kwanza ni nani alipanga saa ya mechi, na ilitangazwa lini.

Tuanze basi na saa. Wakati mwingine mnapanga mechi mbili uwanja mmoja, wanawake kwanza, wanaume baadaye. Wazo ni zuri, hesabu ndiyo inaharibika. Dakika 90, mapumziko 15 na dakika za nyongeza ni karibu saa mbili kamili. Timu ya wanaume inataka uwanja dakika 40 kabla ya filimbi yake ili kupasha misuli, na watunza uwanja wanahitaji kama robo saa kurudisha nyasi mbele ya magoli na kukagua nyavu. Kama wanaume wanaanza saa 15:30, wanawake waanze saa 12:30, si dakika moja zaidi. Mkiwaweka saa 13:30, mambo yanakwenda hivi: kipindi cha pili hakijafika katikati, wanaume tayari wanakimbia nyuma ya goli, mashabiki wao wanaingia kwa wingi wakitafuta nafasi, migongo yao kwenye mchezo, ngoma zinapigwa kwa timu ambayo bado haijaingia, mchezaji hasikii kocha wala mwenzake, anapoteza pasi nyepesi, na jukwaa linacheka kwamba wanawake hawajui mpira. Wengi wa wanaocheka hawajaona dakika hata kumi za mechi yenyewe.

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, saa 12:30 ni jua kali mno. Wakati huo msipange mechi mbili. Wapeni wanawake siku yao, saa 15:30, na mtangaze siku saba kabla, katika tangazo lilelile la redio linalosoma mechi za wanaume. Mechi iliyotangazwa asubuhi ya siku yake haiwezi kuwa na watazamaji, hata ikichezwa na mabingwa wa Afrika.

Langoni pia kuna jambo ambalo wanaume wengi hawalioni. Pasipo mwanamke wa kupekua, mama au binti anapekuliwa na mikono ya mwanaume, au anarudishwa nyumbani na tikiti yake mkononi. Akishafanyiwa hivyo hatakuja tena, na jukwaa linabaki la wanaume watupu, kisha tunaambiwa wanawake wenyewe hawapendi mpira. Kila lango linahitaji wapekuzi wanawake wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja akiondoka kidogo mstari unasimama na watu wanaanza kusukumana. Wawekewe pazia. Gharama yake ni posho ya watu wachache na kitambaa.

Sasa tuje kwenye matusi yenyewe. FIFA ina hatua tatu dhidi ya ubaguzi uwanjani. Kwanza mwamuzi anasimamisha mechi na tangazo linasomwa. Matusi yakiendelea, timu zinarudi vyumbani kwa muda. Yakirudi tena, mechi inavunjwa. Kifungu cha 4 cha katiba ya FIFA kinakataza ubaguzi wa jinsia pamoja na ule wa rangi, na Kifungu cha 14 cha Katiba ya nchi yetu kinawaagiza wenye mamlaka waondoe kila aina ya ubaguzi dhidi ya mwanamke. Ipo pia Sheria 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya haki za mwanamke na usawa. Hatuwaombi sheria mpya. Tunaomba zile kazi ndogo ambazo zikikosekana sheria hizi hazifiki jukwaani.

Mwamuzi aliye katikati ya uwanja hapati maneno. Anapata kelele tu. Ndiyo maana wengi hawasimamishi kitu, na hatuwalaumu. Tunaomba kila jukwaa liwe na wasikilizaji wawili, mwanamke na mwanaume, wanaojua Kiswahili cha mji huu, Kifaransa na lugha nyingine ambazo mashabiki wanaimbia. Wasiwe walinzi wa lango, maana ugomvi ukitokea wataitwa huko. Wasiwe watu wa komite ya mashabiki, maana watamlinda ndugu yao. Kazi yao ni kuandika dakika ya mechi, sehemu ya jukwaa, maneno yaliyosemwa, kama ni mtu mmoja au kundi, na nani aliyeanzisha. Video ya nusu dakika inatosha, mradi jukwaa na uwanja vionekane katika picha moja. Video inayoonyesha migongo ya watu peke yake inakataliwa kwa sababu yaweza kuwa ya mechi yoyote. Habari inapelekwa kwa mwamuzi wa nne, naye anamfikishia mwamuzi wa kati mpira unaposimama.

Ripoti nyingi zinakufia mahali ambapo mtu asiyezizoea hawezi kupafikiria. Komisere, yaani msimamizi rasmi wa mechi, anaona haya kuandika tusi lenyewe, kwa hiyo anaandika kwamba mashabiki walitoa maneno yasiyofaa. Tume ya nidhamu inapofungua karatasi haina cha kuamua: maneno yasiyofaa ni yapi, juu ya nani, mara ngapi? Wakili wa klabu anasema walikuwa wanamzomea mwamuzi, na faili inafungwa. Tusi liandikwe kama lilivyotamkwa, neno kwa neno, kwa lugha yake, na maana yake kwa Kifaransa kando. Aliyeandika hajatukana mtu. Ripoti ifike ndani ya saa 48 pamoja na video, kwa sababu simu zinabadilishwa na video zinafutwa ili kupata nafasi.

Tangazo la spika liwe limeandikwa tayari. Msomaji akijitungia, anaanza kuomba radhi kwa usumbufu na kuwasihi mashabiki wetu wapendwa, na aliyetukana anajua hakuna kitakachompata. Sisi tunapendekeza maneno haya: "Mechi imesimama kwa sababu mashabiki wa jukwaa hili wanawatukana wachezaji wanawake. Wakiendelea, timu zitatoka uwanjani. Waimbishaji, badilisheni wimbo sasa." Lisomwe mara mbili, na jukwaa litajwe kwa jina lake. Wekeni pia megafoni mbili zenye betri mpya, maana umeme ukikatika spika za uwanja hazina kazi, na umeme wetu mnaujua.

Mwimbishaji, yaani anayeongoza nyimbo jukwaani, tumemtaja kwa makusudi. Anayejua majukwaa ya Lubumbashi anajua kwamba wimbo hausimami bila ngoma na tarumbeta. Tusi la mtu mmoja linafika safu tatu, nne. Likipata ngoma linafika uwanja mzima. Kwa hiyo ruhusa ya kuingiza ngoma itolewe kwa jina la mtu, mwenye kitambulisho, aliyesaini karatasi kwenye kikao cha kiufundi kabla ya mechi. Ngoma ikibeba wimbo wa matusi, inatoka uwanjani mechi tatu pamoja na aliyesaini. Tunaamini hilo litafanya kazi kuliko faini, kwa sababu mwimbishaji analinda ngoma yake, naye jukwaa linamsikiliza kuliko linavyomsikiliza polisi.

Faini zenu haziwagusi watu. Klabu inalipa kwa kuchelewa, aliyetukana hajui hata kwamba kuna kilicholipwa, na Jumapili yuko palepale. Lakini liko kosa baya zaidi, na juu ya hili tunawasihi mtusikilize. Mashabiki wakiwatukana wanawake katika mechi ya wanawake, adhabu ya kucheza bila watazamaji inapangwa kwenye mechi ya wanawake inayofuata. Waliotukanwa wanacheza mbele ya viti vitupu, wanakosa pesa ya mlangoni, familia zao zinabaki nje, na mwanaume aliyetukana hapotezi kitu, kwa kuwa hata hivyo hakuwa na mpango wa kuja. Adhabu hiyo itumikiwe kwenye mechi ya wanaume wa klabu hiyohiyo, na ifungwe sehemu ile ya jukwaa iliyotukana, siyo uwanja wote. Klabu ni moja na mashabiki ni walewale. CAF yenyewe inazidai klabu za wanaume zinazotaka kucheza mashindano yake ziwe na timu ya wanawake. Kama klabu ni moja kwenye leseni, iwe moja kwenye adhabu pia.

Kuna tusi moja linalohitaji uangalifu wa peke yake. Mchezaji akiwa na nguvu na mbio, wanaanza kuimba kwamba ni dume. Jirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa tu, wameliona jambo hili kwa mshambuliaji wao Barbra Banda. Alikosa Kombe la Afrika la 2022 kwa sababu ya vipimo vya homoni. Mwaka 2024 alipochaguliwa na BBC kuwa mwanasoka bora wa kike, alirushiwa matusi juu ya jinsia yake kutoka kila upande wa dunia, na Machi 2025 shabiki alimtukana uwanjani huko Marekani, tukio ambalo klabu zote mbili na ligi yao vililaani. Huyu ni mwanamke aliyefunga mabao matatu katika kila moja ya mechi mbili mfululizo za Olimpiki ya Tokyo. Wimbo wa aina hii unamfuata msichana mpaka kwenye avenyu yake, sokoni, kanisani, mpaka kwa wanaomposa. Tunaomba uwe sababu ya kusimamisha mechi mara ya kwanza unaposikika, bila kusubiri urudiwe. Na kiongozi wa klabu anayedai hadharani mchezaji wa timu pinzani avuliwe nguo ili apimwe, ashitakiwe mbele ya tume ya nidhamu. Masuala ya afya yana madaktari na usiri wake.

Kwa wakurugenzi wa redio. Mtangazaji wenu anajaza muda kwa kusifia nywele, umbo na urembo kwa sababu hana kingine cha kusema. Hajui namba 8 ni nani, alitoka klabu gani, amefunga mara ngapi. Dawa ni karatasi moja. Kila timu ilete, saa mbili kabla ya mechi, majina ya wachezaji wote na namba zao, nafasi wanazocheza, mabao ya msimu, na namna jina linavyotamkwa pale linapoleta shida. Asiyepewa karatasi aidai kwa komisere. Na mchezaji asiulizwe hewani kama ameolewa, wala kama mume anamruhusu. Swali ambalo hamwezi kumuuliza mshambuliaji wa kiume wa klabu ya Lupopo au ya Mazembe, msimuulize mwanamke. CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari nchini, ina uwezo wa kuwaita mkikiuka. Sisi tungependa mmalize wenyewe kabla ya kuitwa. Kwenye makundi ya simu ya mashabiki, wasimamizi wa makomite wakumbuke kwamba Kanuni ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inahusu pia anayemsumbua mtu kwa njia ya simu, na picha za wachezaji zilizochezewa zinaanzia humo.

Tunapita haraka kwenye mavazi. Bukta nyeupe ziachwe. Uingereza waliacha zao mwaka 2023 wakahamia za buluu, baada ya wachezaji kueleza wasiwasi wa siku za hedhi. Hapa doa moja linatosha kuwa wimbo wa msimu mzima. Jezi ziagizwe kwa vipimo vya wanawake. Chumba cha kubadilishia nguo kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, maji, na ndoo yenye kifuniko, na njia ya kwenda uwanjani isipite kati ya mashabiki.

Na pale mchezaji anapoanguka akishika goti, msidhani anaigiza. Kano ya mbele ya goti inakatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Viatu vingi vimetengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mwanaume, na viwanja vya mazoezi vya komini zetu za Ruashi, Kenya au Annexe vina mashimo na udongo mgumu kama saruji. Mazoezi ya FIFA 11+ yanachukua dakika 20: mbio nyepesi dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Yanapunguza majeraha yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima, na hayahitaji kifaa zaidi ya mpira na alama za kuwekea njia. Timu zinazoyaacha ni zile zinazopewa uwanja wa mazoezi nusu saa tu, baada ya timu ya vijana wa kiume kumaliza. Ongezeni nusu saa hiyo iwe saa moja na nusu.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya kikao cha kupanga ratiba ya msimu, lenye jina la atakayeshika kila jambo: ratiba, wapekuzi, wasikilizaji, ruhusa za ngoma, ripoti, karatasi za redio. Wasikilizaji wa kwanza tutawafundisha sisi bila malipo. Mafunzo yanahitaji saa tatu, ukumbi wa viti 30, na nakala za fomu ya ripoti iliyotumika msimu uliopita ili tuirekebishe pamoja na komisere mwenyewe.

Kwa heshima,

Waamuzi, makocha, wahudumu wa afya na mashabiki wa mpira wa wanawake, Lubumbashi